Tulivyomlilia Bibi wa Ng'ambo

Siku niliyoagwa shuleni, ninyi walimu vijana mlinishika mkono mlangoni mkaniuliza: Madam, ile mada ya uraia wa dunia unaifundishaje mpaka watoto wasisinzie? Nikasema nitawaambia, mara pilau ikaletwa na mkasahau mliuliza nini. Mimi sikusahau. Sasa nipo nyumbani Masasi, bustani ya mchicha imeshanichosha, na wajukuu wangu wamegundua kwamba bibi aliyestaafu bado anataka watu wapange mstari kabla ya kunywa chai. Basi nimekaa niandike. Vyeo na mishahara sitavigusa. Waliotaka kujua habari hizo waliniuliza nikiwa kazini, na hata wakati huo sikuwajibu.

Kazi niliianza Chilangala, kule juu Newala, katika shule ya msingi. Nilifika nikiwa juu ya lori, nimekalia godoro langu mwenyewe, vumbi jekundu limeniingia hadi ndani ya masikio. Mimi ni Myao wa Masasi, na Chimakonde nilichokuwa nacho kilinitosha kuomba chumvi, zaidi ya hapo hakuna. Nikapewa darasa la tano, somo la Jiografia. Nikawauliza kama nilivyofundishwa chuoni: zao kuu la biashara la wilaya yetu ni lipi?

"Korosho, mwalimu."

"Na zikishavunwa zinakwenda wapi?"

"Ghalani, mwalimu."

"Na baada ya ghalani?"

Kimya. Wakatazamana. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanionea huruma, maana aliona mwalimu wake ni mgeni na mambo mengi hayajui. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, baada ya ghalani unakuja mwaka mwingine."

Nilitoka darasani nimeduwaa. Watoto wale walilala juu ya magunia ya korosho, walinuka moshi wa korosho, ada na sare zao zilitoka kwenye korosho, na dunia yao ilikuwa na mwisho wenye kufuli na mlinzi. Nilikwenda kwa Mwalimu Selina kulalamika kwamba wanafunzi hawajui kitu.

Mwalimu Selina ndiye aliyenifundisha ualimu. Chuo kilinipa cheti tu. Alikuwa Mwanglikana wa ukoo wa wakristo wa zamani wa misheni, mama mfupi, mkali, aliyefundisha pale tangu mimi niko madrasa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele, kisha akasema, "Wewe umewapeleka mbali kabla hawajavaa viatu. Anzia kwenye kitu walichokishika mkononi."

Njia yake ilikuwa hii. Kila mtoto anakuja na kitu kimoja kutoka nyumbani: sindano, sahani ya bati, kibiriti, kipande cha kanga. Anakiweka mezani, halafu darasa zima linauliza nani alikishika kabla ya mama yake. Muuza duka. Na kabla ya muuza duka? Dereva. Na kabla ya dereva? Mnakwenda hivyo hivyo mpaka mnafika kwa mtu msiyemjua, kwenye nchi msiyoijua, na hapo ndipo Mwalimu Selina alipokuwa haruhusu mtu kuchora ramani. Anakula nini huyo mtu? Analala wapi? Jua likimchomozea yeye, hapa Chilangala ni saa ngapi? Akishapata majibu ya kutosha ndipo anasema, haya, sasa rangi. Nilimwona akifundisha sindano moja kwa wiki nzima, na watoto wakawa wanakimbilia shule. Nilikuwa sijawahi kuona watoto wakikimbilia sindano.

Baadaye nilijiendeleza, nikahamishiwa sekondari, kwanza karibu na Chiungutwa na mwisho hapa mjini Masasi. Huko Chiungutwa tuliletewa tufe la dunia kutoka kwa wafadhili, zuri, lenye kuzunguka, ila lilikuwa limesafirishwa vibaya likapasuka katikati ya Bahari ya Hindi. Nikaliziba kwa plasta ya kidonda. Kwa miaka mingi wanafunzi wangu waliamini kwamba kati yetu na India kuna kisiwa kirefu, chembamba, cha rangi ya ngozi ya mzungu. Mmoja alikiandika kwenye mtihani wa taifa. Namwombea dua mpaka leo, maana alijibu kwa kujiamini sana.

Kisha ikaja semina. Tuliitwa ukumbini, tukapewa fulana, mwezeshaji akatuambia dunia sasa ni kijiji. Walimu wanaoishi vijijini tulitazamana. Tukafundishwa kwamba kutokana na utandawazi, mtoto wa leo ni raia wa nchi yake na ni raia wa dunia, na kwamba inabidi ajifunze kuheshimu tamaduni, kushirikiana na watu wa mbali na kujali yanayowapata. Tukaambiwa tuchore mti wa utandawazi kwenye karatasi kubwa. Kundi letu likachora mkorosho, tukapongezwa. Yote yalikuwa kweli, sikatai. Lakini niliondoka najiuliza nitawaambiaje watoto wamjali mtu ambaye hawajawahi hata kumwamkia.

Jambo la maana lililotokana na semina ile ni kwamba shule yetu iliunganishwa na shule moja ya India ya kusini, kwenye mji wenye viwanda vya kubangua korosho. Zetu. Zile zile zinazotoka ghalani. Mwalimu wa kule aliitwa Latha, mwalimu wa masomo ya jamii, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Tukakubaliana kila Alhamisi baada ya vipindi tunapigiana simu ya video, kidato cha tatu changu na darasa lake. Simu yangu niliisimamisha juu ya vitabu, projekta tuliazima kanisani, spika tuliazima madrasa, na picha ikatua ukutani penye chokaa iliyobanduka. Kiingereza chetu na cha kwao kilikutana katikati kikawa kinachechemea pamoja. Wa kwao walituelewa, wa kwetu waliwaelewa, mimi na Latha ndio tulikuwa tunapata shida.

Katika darasa lile alikuwamo Somoe. Baba yake alishafariki, mama yake anabangua korosho nyumbani na kuuza kwa abiria stendi. Somoe hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakiandikwi kwenye ripoti: alikuwa anaigiza watu. Akimwigiza mkuu wetu wa shule anavyoshuka ngazi, unatafuta ngazi ziko wapi. Mimi aliniigiza ninavyotafuta miwani niliyoivaa. Nilimfuma, nikamwadhibu kwa kumfagilisha ofisi, halafu nikafunga mlango nikacheka peke yangu.

Alhamisi moja mvua kubwa ilikuwa imefunga shule za kule, kwa hiyo msichana aitwaye Anju akajiunga nasi akiwa kwao. Nyuma yake akapita bibi kizee aliyejitanda shela jeupe. Akarudi. Akaisogelea simu mpaka ukutani kwetu pakajaa miwani na pua. Akakohoa, akaisukuma miwani, akatuuliza neno moja kwa lugha yao, nasi tukalisikia kama "karicho". Anju akatafsiri: anauliza kama mmekula. Darasa zima likasimama na kuitikia kwa pamoja, "Shikamoo bibi." Anju akauliza hiyo ni nini, tukamweleza, tukamfundisha bibi jibu lake. Tangu hapo hakuna Alhamisi iliyompita. Mvua zilikatika na shule yao ikafunguliwa, naye akawa anapelekwa shuleni saa ile, anaketi kwenye kiti cha mbele, akingoja shikamoo yake. Akishaipata anaitikia "marahaba" kwa madaha ya mwenye nyumba, kisha anatuuliza kama tumekula.

Alhamisi ya pili tu Somoe alinyoosha mkono. "Madam, Anju ni mwenzetu?"

"Ni mwenzenu."

"Basi bibi yake ni bibi yetu. Na bibi anataniwa." Hakusubiri ruhusa. Akageukia ukuta, mikono kiunoni, kwa Kiingereza chake: "Mke mwenza, mbona umeniachia vyombo vyote?"

Wenzangu mnaotoka mikoa mingine mnajua kwamba kwetu mjukuu na bibi ni watani, msichana humwita bibi yake mke mwenza na kumsumbua atakavyo. Anju alitafsiri huku anaogopa. Bibi akatulia, akaelewa, akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akajibu: wewe ndiye mdogo, vyombo ni vyako. Darasa likalipuka. Mimi nilibaki nimeshika chaki. Muhtasari wangu wa somo ulikuwa na kurasa mbili za namna ya kuvuka mipaka ya tamaduni, na mtoto alishavuka, akafika, akaanza kugombania vyombo.

Bibi mwenyewe alikuwa mbanguaji. Tangu msichana mpaka macho yalipomchoka, alikuwa kwenye viwanda vya korosho. Somoe aliposikia hivyo alimleta mama yake Alhamisi iliyofuata. Mama Somoe aliingia na kanga zake mbili, akaona aibu, akakaa nyuma. Bibi akamwambia Anju kwamba anataka kuona mikono. Mama Somoe akaja mbele, akaifungua mikono yake mbele ya simu. Vidole vilikuwa na madoa meusi na makovu ya mafuta ya maganda, yale mafuta yanayounguza ngozi. Bibi naye akafungua yake. Madoa yale yale, kwenye vidole vile vile, kwenye kidole gumba zaidi. Bibi akauliza mnajipaka nini. Mama Somoe akasema majivu. Bibi akacheka, akasema nasi majivu.

 Nilikuwa nimefundisha njia ya korosho kwenye ramani kwa miaka yangu yote, mishale kutoka Masasi mpaka bandarini mpaka ng'ambo, na kumbe mwisho wa mshale kulikuwa na huyu, anajipaka majivu.  Sijawahi kupata kipindi kama kile, na sikuwa nimesema neno hata moja.

Kisha shule zikafungwa kidogo, tukakaa bila kuonana. Tuliporudi, Alhamisi ya kwanza, kile kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Latha alitutangazia kwamba bibi yake Anju amefariki na mazishi yamepita. Anju alikuwa amekaa pembeni, ameinamisha kichwa.

Hapa naomba mnielewe vizuri.  Somoe alisimama, akatoa kanga kwenye mkoba, akajitanda kama alivyojitanda bibi. Akaisogelea simu, akainama mpaka pua. Akakohoa kile kikohozi. Akasukuma miwani ambayo hakuwa nayo. "Karicho? Karicho?" Akapiga goti, akacheka kile kicheko mpaka kikamshika kifua. Alikuwa bibi mtupu. Kisha akaweka mikono kichwani akaanza kulia kwa sauti: "Mke mwenza mvivu wewe, umekimbia vyombo, umeniachia mimi." Wenzake wakaitikia, wanacheka na wanalia kwa pamoja. Mmekwisha kuona misiba yetu. Mzee akifa, wajukuu huvaa nguo zake, hutembea anavyotembea, huongea anavyoongea, na ndugu wa marehemu hulia na kucheka hadi machozi yanakwisha. Asiyefanyiwa hivyo watu husema maskini, hakuwa na wajukuu.

Kule hawakujua hayo. Waliona msichana anaigiza maiti na darasa zima linacheka. Anju alifunika uso. Mkono wa Latha ukaja ukafunika simu, ukuta wetu ukawa mweusi.

Kesho yake asubuhi waratibu wa ule mpango walishampigia mkuu wa shule. Akaniita.

"Mama Twaha, mtoto kamdhihaki marehemu mbele ya mataifa."

"Mkuu, amemlilia."

"Mimi na wewe tunajua. Wao wanajua? Hilo somo lako si ndilo linalosema tuheshimu tamaduni za watu?"

Alikuwa amenikamata pabaya. Mpango ukasimamishwa, na Somoe akarudishwa nyumbani mpaka bodi ya shule ikae. Bodi yenyewe mnaijua hukaa lini. Na ulikuwa msimu wa korosho. Msichana akirudishwa nyumbani msimu wa korosho anapewa kazi, akishapewa kazi anazoeleka, akishazoeleka anatokea mtu wa kumposa. Nimewapoteza wengi kwa njia hiyo, wengine nakutana nao sokoni wakiwa na watoto mgongoni wakiniamkia kwa adabu. Sikutaka Somoe awe mmoja wao. Nilimwambia mkuu hivyo. Akasema, "Watu wa kule wakisema yamekwisha, kwangu yamekwisha. Kabla ya hapo mikono yangu imefungwa." Mkuu wetu si mtu mbaya. Anaogopa simu zinazoanza na namba ngeni, basi.

Nilikwenda kwao jioni. Mama Somoe alikuwa uani anabangua.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto yumo ndani, hataki kutoka." Akaendelea na kazi yake. "Mwalimu, mwanangu kakosa nini? Kamlilia bibi yake."

"Kule hawalii hivyo, Mama Somoe."

"Wanaliaje?"

"Kimya, nadhani. Kwa sala."

Akasimamisha nyundo yake, akafikiri kwa dhati, bila kejeli. "Sasa wanasemaje kwamba wamempoteza yule, na si bibi mwingine yeyote?"

 Nikaingia ndani. Somoe alikuwa amekaa kwenye kona ya kitanda, bado yumo kwenye sare.

"Madam, nimemuumiza Anju?"

Ningeweza kumdanganya. "Umemuumiza."

"Basi mkuu yuko sahihi," akasema, na akageukia ukuta. Hilo liliniuma kuliko yote. Mtoto yule alikuwa ameonyesha upendo wa kiwango ambacho semina nzima haikukifikia, na sasa alikuwa anaamini ni uovu.

Nilimtumia Latha ujumbe wa sauti. Nilieleza utani, nikaeleza misiba, nikaeleza tena. Tiki zikawa za bluu, jibu halikuja. Nikatuma mwingine. Kimya. Shuleni Alhamisi ilipita, na nyingine, wanafunzi wakawa wanakaa baada ya vipindi wakiutazama ukuta wenye chokaa iliyobanduka, mpaka nawafukuza waende nyumbani. Hakuna aliyemwigiza mtu yeyote siku zile.

Kisha Latha akapiga mwenyewe, mchana, niko chumba cha walimu nakula muhogo. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Akasema baba yake Anju ni mtu wa kazi za ujenzi Uarabuni. Tangu Anju akiwa mdogo sana hajarudi nyumbani. Yule bibi, mama yake, alipofariki aliomba ruhusa, mwajiri akakataa kumrudishia pasi ya kusafiria, akazikiwa mama akiwa juu ya jengo la watu. Sasa vipindi vyetu, Latha alikuwa anavirekodi vyote. Baba huyo alimwomba Anju chochote cha mama yake, chochote alicho nacho. Anju akamtumia kipindi kile cha mwisho, ili baba aone ni jambo gani baya lililofanywa.

"Ameangalia?"

"Ameangalia. Anamtaka yule msichana."

"Amtukane?"

"Sijui," Latha akasema. "Amesema tu, nataka kuongea na yule msichana."

Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia. Akavua miwani. "Aje. Kama ni kutukanwa atukanwe hapa, na mimi nikiwepo. Hawezi kutukanwa peke yake mtoto wa shule yangu." Nimesema si mtu mbaya.

Basi tukakaa: mimi, mkuu, Mama Somoe nyuma, darasa lote, na Somoe mbele amesimama. Ukuta ukawaka. Upande mmoja Anju na Latha. Upande wa pili mwanamume mwenye fulana ya kazini, vumbi la saruji kwenye nyusi, amekaa kitanda cha chini, na juu yake vitanda vya wenzake. Miguu ya mtu ilikuwa inaning'inia. Hakusalimu.

"Ni wewe?" Anju alitafsiri.

"Ni mimi. Shikamoo." Somoe alikuwa ametunga maneno ya kuomba radhi, nilimsaidia kuyanyoosha. Akaanza: "Naomba unisamehe, sikukusudia—"

Yule mtu akainua mkono. Akasema maneno machache. Anju alikawia kutafsiri.

"Anasema ufanye tena."

Somoe akanitazama. Mkuu akasogea kwenye ukingo wa kiti. Nikamwambia, "Fanya." Hakuwa na kanga. Mama yake akavua ya mabegani, ikapita mikononi mwa wanafunzi mpaka mbele. Somoe akajitanda. Mwanzo hakuwa mtu yeyote. Kisha akainama, akaisogelea simu, akakohoa.

"Hapana," yule mtu akasema, na mara hii tulimwelewa kabla ya tafsiri. Akatuonyesha. Miwani inasukumwa kwanza, kwa kidole cha kati, kikohozi kinafuata. Somoe akarudia. Miwani, kikohozi, "karicho", goti. Yule mtu akapiga goti lake kwa wakati ule ule. Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha bibi, na sijui kama mwenyewe alikuwa anajua. Akaomba tena. Akaomba tena. Ile miguu ya juu ikashuka, wakaja wanaume wengine wenye vumbi wakakusanyika nyuma yake, wa mataifa sijui gani, wakawa wanamtazama mtoto wa Masasi anavyokuwa mama wa mwenzao. Anju alikuwa anacheka huku analia, shela limemlowa.

"Picha zake ninazo," akasema baba. "Zote amekaa wima, kama yuko kituo cha polisi. Hakuna hata moja inayokohoa."

Nikasikia mkuu anaguna pembeni yangu. Akaninong'oneza, "Mwambie mtoto kesho awepo mstarini."  Nimefundisha maisha yangu yote kwamba dunia ni moja. Nilikuwa nalisema kama mtu anayesema maji ni mazuri. Siku ile niliiona, na niliogopa, kwa jinsi ilivyo ndogo na jinsi mtu anavyoweza kuwa peke yake ndani yake.

Baba yake Anju alijifuta uso kwa fulana. Akauliza: kwenu, wajukuu wanafanya nini kingine?

Somoe akamweleza kwa Kiingereza chake, taratibu, Anju akitafsiri. Kwamba maiti ikishaandaliwa na wanaume wakitaka kuinua jeneza, watani hulala chini mbele yake, wakaziba njia. Wanasema haendi mtu hapa. Hata watu wawasihi namna gani, hawaondoki mpaka wao wenyewe waridhike.

 Yule mtu alimuuliza Anju kama kweli ndivyo alivyosema Somoe, Anju akathibitisha. Mama yake alikuwa ameshazikwa, kila mtu pale alijua hivyo, na yeye alijua kuliko wote.

Akasema, na Anju akatafsiri kipande kipande: "Mwambie amzuie mama yangu. Asimwachie mtu. Mpaka mimi nifike."

Somoe hakuniangalia mimi wala mkuu. Alilala chini kwenye sakafu ya saruji, na sare yake, kutoka meza ya mwalimu mpaka karibu na mlango, akanyoosha mikono yote miwili. "Haendi mtu hapa," akasema kwa Kiswahili. "Mwanawe yuko njiani."

Mama yake akavua kandambili, akaja akalala kando yake.

Mkuu wa shule alikuwa ameshasimama ili atoke. Akaitazama njia, imezibwa. Akarudi kitini, akaweka funguo zake mezani bila kuzipigisha kelele, na tukakaa wote pale tukimsubiri yule mtu afike.